Neno Alilosemewa Badawi

Simu iliingia saa mbili na robo asubuhi, Msellem akiwa amechutama nje ya gesti moja ya Hola, anakaza mnyororo wa pikipiki yake. Aliyepiga ni Taufiq, shemejiye Badawi, kaka wa mkewe, na Taufiq si mtu wa kupoteza salio asubuhi asubuhi kwa maneno ya upuuzi. Alitoa salamu kamili, akauliza uzima wa msafara, kisha akauliza Msellem yuko na nani hapo. Msellem akasema yuko peke yake. Ndipo Taufiq akamwambia.

"Afiya ametutoka. Alfajiri, kabla ya adhana. Mamake amempakata."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," Msellem alisema, akakaa chini vumbini na spana mkononi.

Afiya alikuwa mtoto wa pekee wa Badawi na Khamisa wa Mambrui. Alikuwa na miaka saba, na alizaliwa na tundu moyoni. Akipanda ngazi tatu midomo inakuwa ya buluu. Chuoni, kwenye madrasa, alikuwa akibebwa mgongoni na babake, kwenda na kurudi, na wenzake walimwonea wivu kwa hilo, maskini, hawakujua. Madaktari walisema apasuliwe Nairobi kabla ya mwaka kwisha, na gharama waliyotaja, nyumba ya Badawi hata ukiiuza na watu waliomo ndani isingefika.

Basi Msellem, mwenyekiti wa steji ya bodaboda ambako Badawi hufanya kazi, akaja na shauri lake. Pikipiki kumi na mbili zitoke Malindi, zishike njia ya Garsen na Garissa, zipite Modogashe mpaka Isiolo, kisha zirudi kwa njia ile ile. Siku tisa za nyika tupu, jua na vumbi na ng'ombe katikati ya barabara, na kila mji wasimame waeleze habari ya mtoto na kupitisha ndoo ya mchango. Kila mtu alilisifu shauri hilo isipokuwa Badawi. Badawi alisema mahali pake ni kando ya kitanda cha mwanawe.

"Watu hawatoi kwa picha," Msellem alimwambia. "Wanatoa kwa baba. Wakikuona wewe na vumbi lako usoni, watatoa."

Alimfuata jioni mbili mfululizo mpaka akamshinda nguvu. Siku ya kuondoka Khamisa alisimama mlangoni na mtoto begani, hakumwambia mumewe neno lolote ila "Nenda salama", na Msellem aliuona uso wake, akajifanya anapima upepo wa gurudumu.

Sasa ilikuwa siku ya tisa, msafara uko Hola unarudi nyumbani, na Taufiq alikuwa bado kwenye simu, anangoja.

"Tumepanga kumzika adhuhuri," alisema. "Lakini Khamisa hataki mtoto atolewe ndani bila babake. Amelishika jeneza. Ikiwa Badawi yuaja, tutamngoja mpaka alasiri, hata magharibi tutangoja. Mwambie, kisha unipe jibu lake."

"Nitakupigia," Msellem alisema.

Alisimama akajipangusa. Badawi alikuwa upande wa pili wa ua, amekaa kwenye benchi na chai mkononi, anawachekesha wenzake. Na ana haki ya kucheka! Jana yake watu wa Hola walikuwa wametoa mchango kupita miji yote iliyotangulia, na kabla ya kulala Badawi alimwambia Msellem kwamba mwaka ujao Afiya ataenda chuoni kwa miguu yake mwenyewe, na yeye atamfuata nyuma mbali kidogo, amtazame tu anavyotembea.

Msellem alipiga hatua kama nne kuelekea benchi, akasita. Alimkumbuka Ngumbao.

Ngumbao alikuwa mwenzao hapo steji. Miaka miwili nyuma, akiwa njiani na mzigo wa makaa, alipigiwa simu kuambiwa mamake amefariki. Akawasha pikipiki akaja mbio, na kwenye kona ya Gongoni akaingia chini ya lori. Mama na mwana wakazikwa wiki moja. Tangu siku hiyo steji ilipitisha sheria, na Msellem mwenyewe ndiye aliyeisoma kwa sauti: mtu aliye safarini na pikipiki haambiwi msiba. Ataambiwa akifika. Na kusema kweli si steji peke yake. Hata wazee wa Mambrui ndivyo wafanyavyo, msafiri huambiwa mgonjwa hali yake si nzuri sana, fanya uje, na kilichobaki anakikuta nyumbani.

Lakini hata hilo la "fanya uje" Msellem aliliogopa. Alimjua Badawi. Angesikia nusu tu, angeimaliza nusu ya pili mwenyewe, kisha angeifungua pikipiki mpaka mwisho.

Akaenda kwa Cherop. Cherop alikuwa muuguzi wa zahanati ya huko Marafa, mtu wa bara, aliyechukua likizo yake aje na msafara kwa ajili ya watakaoanguka na kuchubuka. Alikuwa akipanda nyuma ya Musyoka, mmoja wa waendeshaji wa steji, na sanduku la dawa mgongoni. Msellem alimvuta nyuma ya gesti akamweleza. Cherop aliziba mdomo kwa mkono, kisha akasema bila kuzunguka.

"Si umwambie tu? Mwambie hapa hapa akiwa amekaa. Aache alie. Halafu apande nyuma ya Musyoka, mimi nitapanda na mtu mwingine. Pikipiki yake ibaki hapa Hola. Saa sita tutakuwa tumefika."

Jamani! Jibu lilikuwa ndilo hilo. Jepesi, la kueleweka hata na mtoto, na lingetosha. Lakini Msellem alikuwa amezoea kuwa yeye ndiye mwenye kujua, na hapa alikuwa anafundishwa na mwanamke wa bara aliyekuja pwani juzi.

"Wewe humjui," alimjibu. "Badawi habebwi. Atamnyang'anya Musyoka usukani kabla hatujatoka mjini. Na sisi tuna utaratibu wetu, dada. Kwetu mtu haambiwi kifo njiani."

"Lakini ni mtoto wake."

"Ndiyo maana."

Cherop alimtazama kama anayetaka kusema zaidi, kisha akanyamaza, na mpaka leo hajajisamehe kwa kunyamaza kwake.

Msellem akatembea mpaka penye kivuli cha ukuta, akampigia Taufiq.

"Zikeni," alisema. "Msimngoje."

Huko nyuma ya Taufiq kulisikika wanawake wakilia, na mtu akiuliza kama maji yameletwa.

"Umemwambia?" Taufiq aliuliza.

"Nimemwambia."

"Hayo ni maneno yako au maneno ya Badawi? Maana, Msellem, mamake mtoto hatakubali neno la mtu mwingine. Nimpe neno la nani?"

Hapo ndipo angeweza kurudi nyuma. Angesema ni yangu, Taufiq asingekubali, wangengoja, na mambo yangekwenda njia nyingine. Lakini aliona mbele yake kona ya Gongoni na lori, akaona pia aibu ya kuonekana amesema uongo nusu dakika iliyopita, na haya mawili yakamsukuma kwa pamoja.

"Ya Badawi," alisema. "Amesema mtoto asicheleweshwe. Amesema zikeni."

"Nipe niseme naye."

"Hawezi kusema sasa. Muelewe."

Taufiq akasema Mungu ampe subira, akakata.

Kilichofuata kilikuwa kazi, na kwa kazi Msellem alikuwa hodari. Alikwenda kwa Badawi akamwambia simu yangu haina chaji, nipe yako nipange na watu wa Wenje, mji unaofuata. Badawi akaitoa mfukoni bila hata kuuliza, akaendelea na hadithi yake. Msellem akaizima. Kisha akawapitia wenzake mmoja mmoja, huku akijifanya anakagua matairi, akawanong'oneza habari na kuwakumbusha sheria ya steji. Hakuna aliyepinga. Musyoka alikwenda nyuma ya choo akakaa huko kwa muda, akarudi macho mekundu akasema ni vumbi.

Wakaondoka. Badawi alikuwa wa tatu katika mstari, na Msellem nyuma yake kabisa, macho hayabanduki mgongoni mwake. Alimpangia mwendo mdogo. Kila Badawi alipotaka kukaza, Msellem alipiga honi na kumwashiria apunguze, eti barabara ina mashimo.

Walipofika Wenje ilikuwa karibu saa sita. Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika sokoni, maana walikuwa wamepewa habari. Palikuwa na meza ya muuza mboga iliyopanguswa kwa ajili ya msemaji. Badawi alivua helmeti, akawatazama wenzake.

"Mbona mmenuna leo? Nani kawanyima chai?" alisema. "Changamkeni bwana, watu watadhani tumekuja kudai."

Yeye akapanda mezani, akashika spika.

Alikuwa amejifunza kusema, siku zile nane. Mwanzo huko Garsen, siku ya kwenda, alikuwa akitetemeka na kumeza maneno. Sasa alijua wapi asimame, wapi awachekeshe, wapi ateremshe sauti. Aliwaeleza watu wa Wenje kwamba ana binti anaitwa Afiya, kwamba anapenda kuhesabu mbuzi kila akipelekwa Gongoni na kila mara anakosea makusudi ili ahesabu tena, kwamba moyo wake una tundu dogo kama jicho la kuku, na kwamba tundu hilo linazibika. "Linazibika, ndugu zangu!" alisema, na watu wakaitikia. "Hatuombi muujiza. Tunaomba fundi alipwe."

Msellem ndiye aliyekuwa na ndoo. Alikuwa akipita katikati ya watu, na watu wanatumbukiza. Bibi mmoja wa Kipokomo, mkongwe, alifungua pindo la leso yake akatoa sarafu, akaitia ndooni na kumshika Msellem mkono.

"Mungu amponye mtoto," alisema.

Alikuwa anangoja aitikiwe.

"Amina," Msellem alisema.

Adhana ya adhuhuri ikatoka msikitini hapo hapo. Msafara ukaenda kuswali, na Badawi akasimama bega kwa bega na Msellem. Baada ya swala Badawi alibaki amekaa, mikono juu, anaomba, dua ndefu isiyokwisha, midomo inakwenda mbio. Msellem alijua anamwombea nani. Alijua pia kwamba saa hiyo hiyo huko Mambrui watu wamesimama safu mbele ya jeneza dogo. Alitaka kumshika bega amwambie, wallahi alitaka, ulimi ulikuwa umekwisha kunyanyuka. Akajiambia, sasa hata nikimwambia hatafika. Na hilo lilikuwa kweli, na kwa sababu ni kweli, lilimpa ruhusa ya kunyamaza tena.

Walipofika Garsen, Badawi alitaka simu yake. Kila siku akila chakula cha mchana lazima amsikie Afiya.

"Imezima," Msellem alisema. "Chaji imekwisha."

"Basi niazime ya Musyoka."

Musyoka akatazama pembeni, akasema yake haina salio. Wa tatu akasema yake ameisahau Hola. Badawi akawatazama wote, pilau mkononi, na tabasamu likapungua kidogo usoni, kisha akalirudisha mwenyewe kwa nguvu. "Basi," alisema. "Leo nitamwona kwa macho." Cherop aliinuka akaacha chakula chake mezani.

Kutoka hapo Badawi hakusema tena. Alikuwa akikaza mwendo, Msellem anapiga honi, na yeye hasikii. Lakini hakuanguka. Kona ya Gongoni aliipita taratibu kabisa kwa mkono wake mwenyewe, na Msellem akapumua, akasema alhamdulillahi, akajiona amefaulu. Mtu wa watu, alikuwa amemfikisha mwenzake mzima.

Waliingia Mambrui saa kumi na moja. Nje ya nyumba ya Badawi palikuwa na turubai, mikeka, na wanaume wamekaa kimya na kofia zao. Badawi alizima pikipiki mbali kidogo, akavua helmeti, akabaki ameishika. Taufiq akainuka akamjia, akamkumbatia.

"Pole, shemeji. Mungu akupe subira. Tumefanya kama ulivyotuagiza."

"Niliwaagiza nini?" Badawi aliuliza.

Taufiq akamwachia. Alimtazama Badawi, kisha Msellem, na rangi ikamtoka.

"Yuko wapi?" Badawi alisema.

"Tumekwisha kumzika, shemeji. Adhuhuri. Ulisema..."

"Adhuhuri nilikuwa Wenje," Badawi alisema, polepole, kama anayemweleza mtu njia. "Adhuhuri nilikuwa nimesimama juu ya meza." Akaigeuza helmeti mikononi. "Nani aliingia kaburini kumpokea?"

"Mimi," alisema Taufiq. "Niliingia mimi."

"Mimi niko hai," Badawi alisema. "Mwanangu amepokewa na mjomba, na mimi babake niko hai."

Hakumpiga Msellem, wala hakumtukana. Alimpita kama hayupo, akaingia ndani.

Nyumba ilikuwa imejaa wanawake, wakampisha. Chumba cha Khamisa kilikuwa kinatazama barazani, na mlango wake wa nje haukuwa na kitu ila pazia. Msellem alisimama hapo barazani, hajui aende wapi, ndiyo akasikia kila neno. Khamisa hakuwa akilia. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Umemaliza kuchangisha?"

"Khamisa..."

"Nililishika jeneza, Badawi. Nikawaambia babake yuaja, babake hawezi kukubali. Walinivuta mikono nikakataa. Kaka yangu akaniambia wewe mwenyewe umesema atolewe, umesema usingojwe. Ndipo nikaachia."

"Sikuambiwa. Haki ya Mungu sikujua kitu. Nimejua sasa hivi, hapo nje."

"Ati kweli," alisema Khamisa. "Hukujua."

Pazia likafunguka. Badawi alitoka, akamkamata Msellem kifundo cha mkono, akamkaza kwa nguvu zote mpaka Msellem akapinda, akamsogeza mlangoni.

"Mwambie," alisema.

Msellem hakuweza kuingia kwa mwanamke wa watu aliye msibani, basi alisema na pazia. Alisema yote. Alisema simu aliipokea yeye, kwamba Badawi hakuwa na habari, kwamba neno la kuzika lilitoka kinywani mwake yeye Msellem na akalitia jina la Badawi. Alisema aliogopa Badawi asije akafa njiani kama Ngumbao. Alisema nilidhani nafanya wema, Khamisa, wallahi nilidhani wema. Halafu akabaki analia kama mtoto mbele ya watu wote.

Kisha Khamisa akasema kutoka ndani, na hakupaza sauti.

"Labda wasema kweli, Msellem. Labda wamkinga mwenzako, maana ndiyo kazi yenu nyinyi wanaume. Mimi sijui, na sina nguvu ya kujua. Ninalojua ni kwamba mwanangu alipotolewa mlango huu, mimi badala ya kumwombea dua nilikuwa namlaani babake. Mpaka wamemfikisha makaburini nilikuwa namlaani babake. Hivyo ndivyo nilivyomuaga. Haya, nirudishie hapo nimuage upya."

Badawi aliuachia mkono wa Msellem. Akakaa chini barazani palepale, nje ya pazia la mkewe, na vumbi la Hola bado nyweleni mwake, na ndani wanawake wakaanza kusoma Yasini.